Nililipokea Sale kwa Mkono Wangu

Jumapili, 12 Machi 1995

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Sikwenda ibadani. Watasema, na waseme.

Jumanne, 14 Machi

Barazani kwa Mama Kartik tulikuwa mafundi sita. Tumebaki wawili, mimi na Evaresta. Tangu mitumba imwagike mjini, nani atanunua kitambaa, amlipe fundi na asubiri wiki nzima, wakati gauni la Ulaya limetandazwa chini pale ng'ambo ya barabara kwa bei ya kipande cha sabuni? Kazi yetu siku hizi ni kupunguza nguo za wazungu wanene. Mama Kartik anashinda ndani ya duka, kalamu sikioni, anagombana na Mungu wake kwa Kigujarati. Bahili yule. Sukari ya chai yetu anaipima kwa kijiko cha dawa.

Alasiri akaja mwanaume mrefu na koti la mtumba begani, anataka lipunguzwe. Nikampima mabega, nikamwambia, "Baba, hili koti walimshonea mtu mwingine kabisa."

"Mwaka jana lingenikaa," akasema. "Nimefiwa na mke, nikapungua. Serikali nayo ikanipunguza kazini. Kwa hiyo wewe punguza tu, mama, nimeshazoea."

Alisema bila kucheka, mimi ndiye niliyecheka. Anaitwa Kisioki, Mmeru wa Poli, huko juu ya Usa River. Alikuwa bwana shamba. Nimemwambia aje Ijumaa.

Ijumaa, 17 Machi

Hakuja. Nimetazama barabarani mara nyingi kuliko inavyompasa mwanamke wa miaka arobaini na saba.

Jumatatu, 20 Machi

Amekuja, na parachichi kwenye mfuko wa rambo. Ijumaa ile daraja lilikuwa limejaa maji. Koti limemkaa. Mvua ikamzuia barazani saa nzima, naye hakuonekana kusumbuka.

Akaniuliza mume wangu, Baba Lydia, yuko wapi. Watu wakiniuliza hivyo huwa nasema "yuko safari", mwisho wa maneno. Huyu nilimwambia ukweli. Kwamba biashara ilipofunguliwa, Abdiel aliuza lori letu, akaenda Dar kuleta mafriji kutoka Dubai, na huko akapata msichana anayelingana na binti yetu. Kwamba mwaka wa tisini na moja yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka mahakamani, akataka talaka ili huyo amuoe kwa cheti. Kwamba nilitia sahihi bila kubishana, na wiki iliyofuata wazee wa usharika wakaniita mimi, si yeye, kuniuliza nimekosea wapi. Tangu hapo nakaa benchi la nyuma.

Kisioki akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Walipaswa kukuletea chai, si maswali."

Nilishona vibaya pindo la suruali ya mtu kwa ajili ya maneno hayo. Nimelifumua jioni.

Jumamosi, 25 Machi

Mvua. Mayai mawili tu, kuku wamenuna.

Jumapili, 2 Aprili

Nimekwenda Poli. Nimeandika na sijuti.

Nyumba yake ni ya matofali, kahawa pande tatu, kaburi la marehemu mkewe upande wa nne, limefagiliwa. Alinipeleka pale kwanza, akanitambulisha, "Huyu ndiye Elifuraha." Kisha akaniketisha jikoni akapika. Ndizi, maharage, maziwa. Sijapikiwa na mwanaume tangu nizaliwe, nikawa sijui mikono yangu niiweke wapi. Nikataka kuosha sufuria, akaninyang'anya.

Wanawe wako Dodoma, wanamwandikia barua mara mbili kwa mwaka kuulizia shamba litagawanywaje.

Wakati wa kurudi aliniita jina langu tena, Elifuraha. Nimekuwa Mama Lydia kwa miaka ishirini na miwili. Nilishasahau kuna mtu alibatizwa kwa jina hilo.

Jumapili, 9 Aprili

Ameniomba. Masika yakiisha wazee wake watakwenda kwa kaka zangu Machame. Ameshazungumza na mchungaji wake: kwa kuwa nina cheti cha talaka, na si mimi niliyeiomba, baraza la wazee linaweza kuturuhusu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Aibu yangu. Nimefurahi mpaka nimeogopa.

Jumatatu, 10 Aprili

Evaresta anasema naimba nikishona. Nimemwambia ni cherehani.

Jumapili, 16 Aprili, Pasaka

Lydia amekuja kutoka Moshi. Mwanangu, mwalimu, mzuri, mwenye adabu. Nimemnyima nini mtoto huyu? Nilipika pilau, nikasubiri ashibe, nikamwambia habari za Kisioki.

Akaweka kijiko chini. "Mama, na umri huu? Watu watasemaje?"

"Walishasema yote baba yako alipoondoka. Hawajabakiza kitu."

Ndipo akanieleza. Mwezi wa pili presha ilimwangusha Abdiel, upande wa kulia ukafa. Yule wa Dar akamtia kwenye basi na mfuko wa nguo, akampigia simu mtu wa Boma Ng'ombe aje ampokee. Yuko Machame kwa Mzee Anaeli, baba yake mdogo, analala kwenye chumba cha magunia.

"Anakuulizia, mama."

"Mwambie sijambo."

Lydia akalia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama machozi yale nikamwona kama bado ana miaka saba na ameanguka. Nikamfuta.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua usiku kucha, mvua mchana kutwa. Mama Kartik ameuliza kwa nini natabasamu wakati duka linakufa. Nikamwambia. Akasema, "Mume akupe talaka yeye, sherehe fanya wewe." Sikujua kama ni baraka au tusi.

Jumamosi, 29 Aprili

Nataka kuandika hili sawasawa, kila neno lililosemwa, kwa sababu nikiliacha nitalikumbuka wanavyolisimulia wao.

Saa nne asubuhi nilikuwa nafua. Ikabishwa hodi getini. Mzee Anaeli, amevaa koti lake la ibada, na wazee wawili wa ukoo ambao mara ya mwisho niliwaona kwenye harusi yangu. Nyuma yao Lydia na mwavuli, haniangalii. Na mkononi mwa Mzee Anaeli, limeinuliwa mbele ya kifua, jani la sale.

Sisi Wachaga hatuhitaji kuelezwa. Ndilo jani tunalopandia mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, na ndilo mkosaji analomtumia aliyemkosea, kuomba msamaha. Likija mlangoni halikataliwi. Bibi yangu alilipokea kutoka kwa watu waliomuua kaka yake, akawapa na pombe. Alituambia sisi wajukuu: anayelikataa sale, mkosi unamwacha mkosaji na kuhamia kwake, na kwa watoto wake.

"Mke wetu," akasema Mzee Anaeli, "tumetumwa."

"Shikamoo, baba. Mimi si mke wenu. Nina karatasi ya mahakama."

"Marahaba. Karatasi ni ya serikali. Sisi tumekuja na jani." Akasogea. "Abdiel amekukosea. Anajua amekukosea. Hawezi kutembea, kwa hiyo tumetembea sisi kwa niaba yake. Anaomba umsamehe."

Niliangalia povu la sabuni kwenye mikono yangu. Nikamwangalia Lydia, yeye akaangalia tope. Nikafikiri: miaka minne nimesubiri ukoo huu useme maneno hayo, "amekukosea". Hata mara moja hawakuwahi kuyasema. Sasa wameyasema mbele ya geti langu, majirani wakisikia. Niseme ukweli, nilitaka kuyapokea. Siyo mkosi peke yake ulionisukuma. Nilikuwa na njaa ya maneno hayo.

Nikakausha mikono kwenye khanga, nikalipokea sale.

Nilidhani najua ninachofanya. Nilikuwa namsamehe mtu, basi. Kusamehe ni kuacha kumdai mtu machozi, ndivyo nilivyodhani, kisha kila mmoja anakwenda zake. Tena nilifikiri, nitamweleza Kisioki, atafurahi kwamba naingia kwake bila kinyongo.

Mzee Anaeli akavua kofia, akaomba sala ndefu. Mwisho wake akasema, "Tunakushukuru Baba kwa kumrudisha mke kwa mumewe." Nikafungua macho.

"Nani amerudi?"

"Umepokea," akasema kwa upole kabisa. "Jumatano tunamleta."

"Baba, nimesamehe. Sikusema aje hapa."

"Mtu hapokei sale halafu akamfungia mgonjwa nje. Huko si kusamehe, ni kulichezea jani. Wewe si mtoto, unajua."

Wakanywa chai yangu. Lydia ndiye aliyeimimina. Walipoondoka aliniambia, "Asante, mama," nikamjibu karibu, kama mjinga.

Jumatano, 3 Mei

Wamemleta. Gari la kukodi, godoro limelowa upande mmoja, mvua inapiga. Ningefanya nini, nimwache getini? Yuko chumba cha mbele. Amekonda, mdomo umekwenda upande. Aliponiona alitoa machozi kwa jicho moja.

Lydia hakuja. Ana mitihani ya kusahihisha.

Alhamisi, 4 Mei

Uji, dawa, shuka.

Ijumaa, 5 Mei

Uji, dawa, shuka mbili. Evaresta amepeleka ujumbe wangu Usa River kwa mtu anayekwenda Poli. Sijui kama umefika, barabara ya juu imekatika.

Jumapili, 7 Mei

Habari zimemfika Kisioki kwa midomo ya watu kabla ya ujumbe wangu.

Kisioki alikuja saa sita, amevaa lile koti, viatu tope mpaka fundoni. Abdiel alikuwa kwenye kiti changu, nimemfunga kitambaa shingoni kwa ajili ya uji. Kisioki akamwamkia, "Pole na kuumwa, kaka." Abdiel hawezi kusema vizuri lakini hili alilisema vizuri: "Karibu kwangu."

Kwangu. Kila tofali la nyumba hii limetoka kwenye sindano yangu.

Nikatoka na Kisioki barazani. Nikaanza kueleza, akaniinulia mkono.

"Ni kweli ulilipokea?"

"Kwa ajili ya kumsamehe. Halikataliwi, Kisioki. Wewe si Mchaga, huwezi kujua."

"Mke wa kaka yangu ni Mchaga, najua. Anayepokea, amepokea." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Siwezi kuwapeleka wazee wangu kumposa mwanamke ambaye mumewe yuko ndani anakunywa uji. Watanicheka mpaka kaburini."

"Si mume wangu."

"Basi ni nani?"

Akaondoka na mvua. Nikaingia ndani nikamlisha yule mwingine uji uliobaki, kijiko baada ya kijiko, na kila kijiko nilitamani kimpalie.

Jumanne, 9 Mei

Uji, dawa, shuka.

Ijumaa, 12 Mei

Wazee wa usharika wamekuja kunipongeza. Wale wale. Wameniahidi benchi la mbele.

Jumatano, 17 Mei

Nashona nusu siku, nusu siku nauguza. Mama Kartik ameniuliza leo nina nini. Nikamweleza yote, sale, godoro, Kisioki. Alisikiliza huku anakunja kitambaa. Halafu akasema, "Mimi mjane, mume wangu mgonjwa miaka sita, mimi nauguza. Lakini yeye mume yangu. Yako hii si mume. Yako hii mzigo ya watu wengine, wameandika jina yako juu."

Nikasema mila ni mila. Akasema, "Haya, kaa na mila, mimi niko na duka," akaenda zake. Nimekasirika siku nzima kwa sababu hakukosea.

Jumatatu, 22 Mei

Leo nimeuliza. Sijui kwa nini sikuuliza siku ya kwanza. Nilikuwa namgeuza, nikamwambia, "Baba Lydia, ulipowatuma wazee na sale, uliwaambia waseme nini?"

Maneno yake hutoka moja moja, lazima usubiri. "Sikutuma."

"Hukutuma?"

"Lydia alisema... wewe ndiye... umetaka nirudi."

Nikakaa kitandani pale pale, pembeni ya mguu wake uliokufa. Kwa hiyo hakuomba msamaha. Alidhani mimi ndiye niliyembembeleza. Nimemsamehe mtu ambaye hakuwahi kunitazama akasema "nimekosa", na yeye amelala hapa siku kumi na tisa akifikiri ananifanyia hisani. Tumetoshana.

"Na sasa," nikamuuliza, "ukijua. Unaomba?"

Akageuza uso ukutani. Labda aliona aibu. Sikusubiri tena.

Jumanne, 23 Mei

Nimempigia Lydia simu kutoka posta. Hakukana. Alisema, "Mama, mimi mtoto wa pekee. Ningeachiwa mimi. Nina mchumba, na kwao wameshauliza kuhusu baba. Ningefanyaje?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Basi ningekataa kwa mdomo wangu. Umeniziba mdomo kwa jani."

Akaniambia ninajifikiria mwenyewe. Nikakata simu. Huyu niliyemwona ana miaka saba, kumbe ana ishirini na miwili na amenipigia hesabu. Bado ni mwanangu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 25 Mei

Mama Kartik ananipa pikapu ya duka na dereva. "Mafuta weka mwenyewe," amesema. Bahili hafi mara moja. Nimemshika mkono nikashindwa kuuachia.

Jumamosi, 27 Mei

Nimemrudisha.

Nilimwogesha, nikamvalisha shati nililomshonea mimi, nikatandika godoro nyuma ya pikapu na turubai juu, nikakaa naye huko nyuma njia nzima. Tukafika njia panda ya Machame. Hapo akasema, "Elifuraha." Nikasubiri. Kama angesema lile neno moja, "nimekosa", naandika kwa mkono huu, ningemwambia dereva ageuze. Akasema, "Kiu." Nikampa maji.

Mzee Anaeli alikuwa kwenye kihamba chake anafunga mbuzi. Alipoona godoro uso ukambadilika.

"Unafanya nini, mke wetu?"

"Nawarudishia mliyemleta, baba. Nimemuuliza mwenyewe. Hakuwatuma. Sale hutumwa na aliyekosa. Mlilobeba nyinyi lilikuwa jani tu la mpakani, mngeweza kumlisha mbuzi huyo."

"Utalaaniwa."

"Na nani? Aliyelaghai ni nani hapa?"

Akarudi kukaza kamba ya mbuzi. Alijua. Kwa mila yake mwenyewe alijua, ndiyo maana hakunizuia. Tukamwingiza Abdiel ndani, si chumba cha magunia, nilihakikisha, chumba chenye dirisha. Nikawaonyesha dawa, saa zake, na namna ya kumgeuza asichubuke. Abdiel alilia, kwa sauti sasa. Nilitoka. Nikapanda gari.

Jumapili, 28 Mei

Asubuhi mvua imekatika. Nikashukia Usa River, nikapanda Poli kwa miguu.

Kisioki alikuwa anapogoa kahawa. Akaniona, akaweka panga chini, akasimama tu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: simu ya Lydia, maneno ya Abdiel, pikapu, Machame. Nikasema, "Nyumba yangu haina mtu. Nimekuja kukujibu lile swali. Si mume wangu."

Alinipeleka jikoni, akachemsha chai, akaweka maziwa mengi kama ninavyopenda. Alikumbuka. Nikasema moyoni, imekwisha, nimefika.

Akauliza, "Alilia ulipomwacha?"

"Alilia."

Akazungusha kikombe. "Baba yangu alipooza akiwa na miaka hamsini na sita. Mimi nina hamsini na nne. Wiki tatu hizi nimekuchukia kwa kumpokea, Elifuraha. Sasa umemrudisha, na najikuta nauliza kitu kingine. Mimi nikianguka, nitapakiwa kwenye pikapu ya nani?"

Nilidhani anatania. Yeye husema mambo ya kuchekesha bila kucheka. Nikasubiri. Hakuwa anatania.

"Abdiel aliniacha kabla hajaanguka," nikasema. "Miaka mingi kabla. Wewe ungeangukia mikononi mwangu. Ningekugeuza, ningekulisha, ningekuzika pale karibu na mkeo na kufagia makaburi yote mawili. Wewe hukuniacha."

"Sijasema nakuacha. Nasema nafikiri."

"Nimewahi kufikiriwa na mwanaume, Kisioki. Ilianza hivi hivi."

Nikanywa chai yote, ilikuwa nzuri, nikakiosha kikombe. Safari hii hakuninyang'anya.

Jumapili, 4 Juni

Masika yamekwisha, wanasema kwenye redio. Nimekwenda ibadani nikakaa benchi la nyuma, kwa hiari yangu. Benchi la mbele wamempa mwingine. Evaresta ananiambia mjini kuna habari mbili juu yangu: kwamba nilimpokea Abdiel kwa tamaa, na kwamba nilimtupa kwa ukatili. Nimemwambia achague anayoipenda.

Hakuna barua kutoka Poli. Mume wangu nilimpa miaka kumi na minane, na huyu majuma kumi na moja. Ni huyu ninayemlilia.